Kuijua Milima Yetu kwa Picha za Setilaiti

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia za mwambao wa Ziwa Tanganyika pamoja na wageni wafadhili, mjini Ujiji. Tunayachapa hapa kwa ombi la wajumbe.)



Ajenda tuliyopewa inasema: "Matumizi ya setilaiti katika kuchora ramani ya miamba ya milima isiyofikika." Iliposomwa asubuhi tuliona baadhi yenu mkitabasamu. Mna haki. Kamati ya parokia na setilaiti, wapi na wapi? Kamati kazi yake ni darasa lililokosa bati, mradi wa maji uliokauka, zahanati iliyosimama kwenye linta. Lakini tunaomba mtuvumilie, maana hayo matatu yote yanategemea kitu kilichoko mlimani ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona.

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja analijua. Ukipanda boti Kibirizi ukaelekea kaskazini kupita Mwamgongo hadi Kagunga, au ukaelekea kusini hadi Buhingu na Kalya, utaona mlima umeshuka moja kwa moja mpaka majini. Mahali pa kusimamisha nyumba ni pachache. Vijiji vimekaa pale kijito kinapotoka bondeni kuingia ziwani, kwenye kipande cha tambarare chenye umbo la ungo uliokatwa katikati. Hapo ndipo penye nyumba, mialo ya dagaa, shule, kanisa na msikiti. Wanaokumbuka Mei 2015 wanajua ufinyu wa sehemu hizo, wakati makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipojikuta Kagunga, mlima nyuma na maji mbele, kipindupindu kikaingia, na ikabidi wasafirishwe kwa meli ya Liemba kuletwa Kigoma.

Je, tambarare hiyo imetoka wapi? Imetoka mlimani. Kila masika kijito kimeshusha mchanga na kokoto, na mara moja moja, baada ya miaka mingi ya utulivu, kimeshusha tope zito lenye mawe makubwa kama nyumba. Mafundi wetu wanaochimba misingi wanaliona hilo bila kusomea jiolojia. Wanakuta mchanga laini, chini yake mawe yaliyovurugika bila mpangilio, kisha mchanga tena. Kila tabaka la mawe yaliyovurugika ni siku moja mbaya ya zamani. Kwa hiyo tunapouliza kama kiwanja cha shule ni salama, jibu haliko kiwanjani. Liko kilomita kadhaa juu, kwenye chimbuko la kijito, mahali ambapo mjumbe wa kamati hafiki na mhandisi wa wilaya hafiki.

Hatusemi haya ili watu wahame. Wahamie wapi? Tena katika miaka ya karibuni, hasa kuanzia 2020, ziwa limepanda likameza nyumba na mialo kwenye mwambao wa Kigoma na Ujiji, na waliokimbia maji wanatafuta viwanja upande wa mlimani. Ziwa linawasukuma kuelekea kwenye miteremko, na sisi tunaogawa viwanja vya parokia na kuomba fedha za majengo tumo katika uamuzi huo, tupende tusipende.

Jirani zetu wamekwisha kulipa gharama ya kutojua. Mwanzoni mwa Mei 2023, huko Kalehe kwenye mwambao wa Ziwa Kivu, nchini Kongo, mvua ya siku moja ilishusha mito ya tope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Mazingira yao yanafanana na yetu mno: mlima nyuma, kijito katikati, soko kwenye tambarare, ziwa mbele. Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo ikawa zamu ya Katesh, mkoani Manyara. Sehemu ya Mlima Hanang, wenye kimo cha mita 3,420, ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikafuata mikondo ya maji hadi mjini, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba miamba dhaifu iliyonyonya maji mengi ndiyo iliyoachia. Hanang ni mlima wa volkano ya kale na milima yetu si ya volkano, kwa hiyo tusilinganishe kila kitu. Linalolingana ni hili, kwamba maafa yalianzia juu, mahali pasipo na mtu wa kuona.

Sasa tuje kwenye milima yenyewe. Chukueni Mahale. Kilele cha Nkungwe kina mita 2,462 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye mita 770 hivi, yaani mlima unapanda zaidi ya mita 1,600 juu ya maji kwa umbali mfupi. Ndani ya hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1985, hakuna barabara. Watu hufika kwa boti na hutembea kwa miguu. Upande wa ziwa ni msitu mzito, juu ni nyasi na ukungu, na upande wa mashariki miombo inaendelea bila mwisho. Mwanajiolojia wa kawaida hufanya kazi kwa nyundo na daftari: anafuata kijito, anavunja jiwe, anaandika, anakwenda jiwe lingine. Mahali kama Mahale mtu huyo anaweza kumaliza kiangazi kizima akajaza sehemu ndogo ya ramani, na mabonde ya juu kabisa akayarukia. Ndiyo maana kwenye ramani nyingi za zamani sehemu za juu zimepakwa rangi moja tu, kana kwamba mlima wote umetengenezwa kwa jiwe moja.

Setilaiti inasaidia hapo. Nayo haina uchawi wowote. Inapima mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini, na inaupima kwa vipande: mwekundu, kijani, bluu, halafu aina nyingine za mwanga ambazo jicho la binadamu haliwezi kuziona. Kila mwamba una tabia yake. Mwamba wenye chuma hurudisha wekundu na kumeza bluu. Udongo wa mfinyanzi humeza sehemu fulani ya ule mwanga usioonekana. Mwamba mweupe wa kwatzi, ule unaong'aa kwenye magenge, hurudisha karibu mwanga wote. Kompyuta inapewa kazi ya kuzipaka rangi tofauti hizo ili jicho lizione, na hapo mlima uliokuwa wa rangi moja unagawanyika kuwa mikanda.

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972, na wenzake waliofuata bado wanapita juu yetu. Kijimraba kimoja cha picha zake za sasa ni mita 30 kwa 30, chini kidogo ya robo eka. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, zinashuka hadi mita 10. Kipo pia kifaa cha Kijapani kiitwacho ASTER, kilichorushwa Desemba 1999, kilichobuniwa hasa kutofautisha aina za miamba na udongo wa mfinyanzi. Sehemu yake iliyofaa zaidi kwa kazi hiyo iliharibika mwaka 2008, ila picha zake za zamani bado zinatumika. Mwamba hauna haraka ya kubadilika.

Kikwazo kikubwa kwetu ni majani. Setilaiti ya mwanga ikipita juu ya msitu wa Mahale inaona msitu, haioni jiwe, na wakati wa masika inaona mawingu matupu. Picha nzuri ni za Agosti na Septemba, nyasi zimeungua na miombo imepukutisha majani. Hata hivyo majani nayo husema. Mwezi wa Septemba, mlima ukiwa umekauka wote, mkanda mwembamba wa kijani unaokatiza mteremko ni alama ya maji yanayochuruzika karibu na uso wa ardhi. Kwa kamati inayotafuta chanzo cha mradi wa maji ya mserereko, mkanda huo una thamani kuliko ramani yote iliyobaki.

Njia ya pili ni rada. Hii hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea mwangwi, kwa hiyo haijali wingu wala usiku. Februari mwaka 2000 chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada kimo cha karibu nchi kavu yote inayokaliwa na watu. Kwa miaka mingi nje ya Marekani tulipewa vipimo vya kila mita 90 tu. Vile vya mita 30 vilifunguliwa mwaka 2014, na Afrika ikawa ya kwanza kupewa. Kwa vipimo hivyo kompyuta inajenga mlima upya. Tunaweza kuwasha jua la kubuni kutoka upande wowote tutakao, vivuli vikalala, na kila mpasuko wa ardhi ukajitokeza kama mstari uliopigwa kwa rula. Tunaweza pia kuuliza ni wapi mteremko ni mkali kiasi cha udongo kushindwa kushikilia mvua ikiwa kubwa.

Na gharama? Hili wafadhili huuliza kwanza, nasi hatuwalaumu. Zamani picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600. Tangu mwaka 2008 zilianza kutolewa bure, na za Sentinel ni bure pia. Vipimo vya Endeavour ni bure. Programu za kompyuta za kuzisomea zipo za bure. Kinachogharimu ni kijana aliyefundishwa kuzisoma, na baada ya hapo kinagharimu miguu, jambo ambalo tutalirudia.

Nchi yetu haikuanza leo. Kati ya 1977 na 1980 ndege zilipita juu ya Tanzania zikipima usumaku wa miamba na mionzi yake, kwa mistari iliyoachana takriban kilomita moja. Kwenye tambarare za Tabora hilo lilitosha. Kwenye milima ya ukingo wa Bonde la Ufa ndege haiwezi kufuata kila bonde, na vipimo vinapungua ubora. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yenye makao yake Dodoma, ndiyo inayotunza ramani za nchi, na mwaka 2023 serikali ilieleza kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imepimwa kwa ndege kwa kiwango cha juu, huku lengo likiwa kufikia asilimia 50 mwaka 2030. Tunaipongeza. Tunachosema ni kwamba milima ya watu wachache wasio na barabara haitakuwa ya kwanza kwenye foleni, na masika hayasubiri foleni.

Picha zinaonyesha nini kuhusu milima yetu? Zinaonyesha kwanza kwamba kaskazini na kusini si nchi moja. Kuzunguka Kigoma, Uvinza na Malagarasi kuna miamba ya mchanga, ya chokaa na lava za kale ambayo wanajiolojia huiweka katika kundi la Bukoba. Kwa sehemu kubwa tabaka zake zimelala karibu sawasawa kama vitabu juu ya meza, na kutokana na miamba hiyo hutoka yale maji ya chumvi ya Uvinza ambayo watu wamekuwa wakiyachemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mahale ni kitu kingine kabisa. Ni miamba ya ukanda wa Ubende, iliyopikwa na kukunjwa ndani ya ardhi karibu miaka bilioni mbili iliyopita. Mikunjo yake inaelekea kaskazini-magharibi na kusini-mashariki, na kwenye picha ya rada inaonekana kama mistari ya nywele zilizosukwa.

Juu ya mistari hiyo ya kale imekuja mistari mipya ya Bonde la Ufa. Ziwa letu, lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, limekaa ndani ya mpasuko ambao bado unafunguka. Chini ya maji kuna tabaka la matope lenye unene wa kilomita kadhaa, yote yakiwa yameletwa kutoka milimani kama hii yetu. Mpasuko wa zamani na mpasuko mpya vinapokutana, mwamba unakuwa umesagwa, na mwamba uliosagwa unapitisha maji. Ndiyo sababu chemchemi nyingi za milimani zimejipanga kwenye mstari.

Ndugu wajumbe, hapa ndipo tunapoomba mkae macho, maana ndipo fedha za miradi zinapookolewa au kupotea. Ufa unaotupa chemchemi ni ufa huohuo unaodhoofisha mteremko. Mahali penye maji mazuri ndipo mara nyingi penye mwamba uliolegea. Mhandisi akiangalia wingi wa maji tu, atajenga banio na tangi palepale kwenye udhaifu, na masika ya miaka michache yatalichukua. Ukiiona ramani ya nyufa mapema, huachi chemchemi. Unasogeza tangi mita mia moja au mia mbili hadi kwenye mwamba mzima, unaongeza bomba, na banio lenyewe unalijenga dogo na jepesi kurekebishika. Bomba la mita mia mbili ni rahisi kuliko tangi la pili.

Wengine wataona kwamba mpasuko unaofunguka ni habari ya mamilioni ya miaka. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika. Huko Kalemie nyumba zilianguka na watu wakafa, na huku Kigoma tulitikiswa sote. Siku hizi rada inaweza kupima hata msogeo wa ardhi. Setilaiti ikipita mahali palepale mara mbili, picha mbili zikilinganishwa zinaonyesha ardhi iliyopanda au kushuka kwa sentimita chache. Julai 2007, matetemeko yalipoanza kwenye mlima Gelai karibu na Ziwa Natron, njia hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba mwamba ulioyeyuka ulikuwa umejipenyeza chini kwa chini kama ukuta. Septemba mwaka huohuo Oldoinyo Lengai, jirani yake, ukalipuka. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, rada ilionyesha ukuta kama huo chini ya mji wa Goma kuelekea ziwani, na serikali ya huko ikaamuru sehemu ya mji ihamwe. Lakini tuwe wakweli: mlipuko wenyewe wa Nyiragongo haukutabiriwa. Hakuna setilaiti iliyotaja siku ya Katesh wala ya Kalehe. Chombo hiki kinaonyesha mahali, hakitaji siku. Yeyote atakayewauzia kamati zenu chombo kinachotaja siku ya maporomoko, msimpe hata nauli.

Upo upungufu mwingine, nao unatibika kwa watu. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika hapa Ujiji, wakaenda kaskazini hadi Uvira wakitumaini kwamba mto Ruzizi unatoka katika ziwa, maana ungetoka ungeweza kuwa chimbuko la Nile. Wenyeji waliwaambia waziwazi kwamba mto ule unaingia ziwani. Hata hivyo wasomi wa Ulaya waliendelea kubishana kwa miaka mingi, hadi Novemba 1871 Livingstone na Stanley, baada ya kukutana hapahapa, walipopanda mtumbwi wakaenda kuuona mdomo wake. Ulikuwa unaingia. Miaka 13 ya mabishano juu ya jambo ambalo mvuvi yeyote wa Uvira angelimaliza kwa sentensi moja!

Somo hilo limetumika vizuri karibu nasi. Taasisi ya Jane Goodall, iliyoanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 katika vijiji vinavyozunguka Gombe, ililinganisha picha za Landsat za 1972 na 1999 na kuona jinsi misitu ya miteremko ilivyotoweka nje ya hifadhi. Baadaye walileta picha kali zaidi, ambazo nyumba na njia vinaonekana, wakazitandaza mbele ya wanakijiji. Watu walizitambua nyumba zao, wakaonyesha vyanzo vya maji na sehemu za mizimu, na mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji 13 ikajengwa juu ya mazungumzo hayo. Kazi ile ilihusu misitu na sokwe, haikuhusu miamba. Njia ni ileile. Setilaiti inaona kovu kwenye mteremko, lakini haijui kama ni poromoko la masika yaliyopita, shamba la muhogo lililoachwa au machimbo ya mawe ya kujengea. Mzee wa Kitongwe aliyewinda kule ujanani anajua. Anajua pia kijito kilichowahi kubadili njia, na jina la bonde mara nyingi ni kumbukumbu ya kilichotokea pale.

Kwa hiyo ombi letu kwa wafadhili ni moja, na tunalisema kwa heshima. Ramani ya rangi inapendeza kwenye ripoti, na tunajua ni rahisi kuipatia fedha. Tunaomba fedha zaidi ziende kwenye kutembea: mafuta ya boti, posho ya wapagazi na waongozaji, viatu, hema, siku 10 au 15 mlimani kwa kila kundi. Mstari kwenye kompyuta ambao hakuna mtu aliyesimama juu yake ni dhana tu. Ripoti itakayosema "tumetembelea nyufa kumi, nne hazikuwa nyufa" ni ripoti nzuri, na tunaomba isihesabiwe kuwa ya kushindwa.

Neno kuhusu madini, kwa sababu litaulizwa tu. Ramani ya miamba ni ramani ya madini pia. Kusini mwa Kigoma, karibu na ziwa, kuna Kapalagulu, ambako nikeli na madini ya jamii ya platinamu yanajulikana yako chini ya udongo mwekundu. Kisheria madini ni mali ya Jamhuri, na mwenye leseni anaweza kufika hata kama kijiji hakikutarajia. Sisi tunaona ni heri kijiji kiwe cha kwanza kuiona ramani ya mlima wake badala ya kuwa cha mwisho. Hapohapo tunaonya kwamba ramani za kamati zisitumike kuchochea vijana wakachimbe kwenye miteremko juu ya vyanzo vya maji. Shimo moja juu ya banio linaweza kuharibu maji ya vijiji viwili. Masuala ya leseni yapelekwe Tume ya Madini, si parokiani.

Kuhusu hatua zinazofuata. Tumeanza kuchapa picha za mabonde kwenye turubai, maana karatasi haidumu kwenye boti. Kila turubai linaonyesha bonde moja, kuanzia chimbuko la kijito hadi ziwani, pamoja na nyufa zinazodhaniwa, miteremko mikali na mikanda ya kijani ya Septemba. Majina hatukuyaweka kwa makusudi. Majina ya vijito, mabonde na magenge yataandikwa na wanakijiji wenyewe, kwa kalamu isiyofutika, kabla ya mtu yeyote kupanda. Mtaalamu wa maji wa wilaya aalikwe siku hiyo, na mwenyekiti wa kijiji asiachwe, hata kama kiwanja kinachojadiliwa ni cha Kanisa. Ndugu zetu Waislamu wana msikiti na madrasa kwenye tambarare hiyohiyo, kwa hiyo kikao kifanyike ofisi ya kijiji.

Mkiwa kwenye turubai, ulizeni kwanza juu ya majengo yaliyopo, ndipo muulize juu ya yanayoombewa fedha. Darasa lililopo likiwa kwenye mkondo wa zamani wa kijito, huenda tuta la mawe upande wa juu likatosha. Huenda likatosha hata kukubaliana ni nani atapiga kengele mvua ikinyesha usiku kucha na kijito kikapungua ghafla, kwa kuwa kijito kinachopungua wakati mvua inanyesha kimezibwa mahali huko juu, na kitakapozibuka hakitakuja na maji peke yake. Wazee wengi wanalijua jambo hilo. Watoto wa shule hawalijui.

Matembezi yatakuwa kati ya Julai na Septemba. Kila kamati inaombwa kutupatia majina mawili: mzee anayeyajua mabonde ya juu, hata kama yeye mwenyewe hawezi tena kupanda na atakaa kwenye turubai tu, na kijana, wa kike au wa kiume, mwenye miguu na mwandiko mzuri. Parokia zilizo ndani ya maeneo yanayopakana na hifadhi zituambie mapema, ili kibali kiombwe kwa utaratibu. Wajumbe wa Kalya na Buhingu tumeambiwa boti yenu inaondoka jioni hii, kwa hiyo mtuachie majina kabla ya chakula, na turubai zenu mbili ziko mezani pale mlangoni, zimefungwa kwa kamba ya katani.